Taa Zilizoimbiwa Kabalo

Mama zangu wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: sokoni, kwenye bomba la maji, hata kanisani huku padri anahubiri. Nimechoka kuisimulia vipande vipande, maana kila anayeondoka na kipande chake anakitia chumvi. Jana nimesikia kwamba mimi nilimpiga askari kofi. Sikumpiga mtu. Basi naiandika safari yote mara moja, mpokezane ninyi wenyewe, na mtu asiniulize tena.

Kalemie mpaka Nyunzu

Hoteli yetu juu ya ziwa mnaijua. Mume wangu, Papa Mulongo, ndiye msimamizi. Mimi naangalia vyumba, mapazia na shuka, na pamoja na watoto tunakaa katika vile vyumba viwili nyuma ya jiko. Mwenye hoteli anaishi Kinshasa. Sisi tunamwita Mama Mukubwa, na yeye mwenyewe anaitika. Alipokuja mara ya mwisho alilala, akaamka, akasimama katikati ya koridoni na kunyoosha kidole kwenye balbu iliyokuwa inaning'inia na waya wake.

"Papa Mulongo, hii njo hoteli ao gereji?"

"Hoteli, Mama."

"Nataka apliki kwa ukuta, koridoni na kwa chumba cha kulia. Nitarudi na wageni wakubwa. Nikikuta bado hii balbu, hoteli nampatia mutoto wa dada yangu. Ule alisoma."

Apliki ni taa inayokaa ukutani, si juu ya dari. Kalemie nzima hakuna duka linaloziuza. Kwa hiyo kazi ilikuwa hiyo: taa zipatikane kabla hajarudi, la sivyo tunahama nyumba, na kazi inakwenda, na mimi sikujua tungehamia wapi. Mume wangu alianza kukonda. Nikamwambia, wewe baki na watoto na wapishi, mimi naenda Lubumbashi. Ningemtuma yeye angeleta kitu cha kwanza kinachong'aa, namjua.

Nilipanda treni na kapu la mikebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, zawadi ya dada yangu wa Lubumbashi. Mwenzangu wa kiti alikuwa karani mmoja wa bandari, amevaa abakosi safi, ile suti isiyo na tai. Hatujafika mbali akaanza kuvuta pua.

"Mama, hiyo samaki iko nafanya nini ndani ya wagoni ya watu?"

"Inasafiri kama wewe, Papa. Nayo ina tiketi."

Watu wakacheka, yeye akakasirika, akanipa mgongo. Lakini Nyunzu treni iliposimama, ikasimama kabisa. Kichwa cha treni kilikuwa kimekatwa na kwenda kuvuta mabehewa ya mizigo mahali pengine, wakatuacha pale juani kama mihogo iliyotandazwa. Karanga za wauzaji zikaisha, ndizi zikaisha. Siku ya pili karani akageuka mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Mama, ile samaki yako iko mangapi?" Nikampa. Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na kicheko. Kila jua lililozama pale Nyunzu nilijua Mama Mukubwa amekaribia, na mimi sijaona hata taa moja.

Kabalo mpaka Lubumbashi

Sehemu hii sitaki kuirefusha. Kabalo tulibadilisha treni, tukanunua mkate wa muhogo, chikwange ngumu, na mtu mmoja akaiba kiatu changu cha kushoto nikiwa nimesinzia. Kimoja tu! Mpaka leo najiuliza amekifanyia nini. Nilifika Lubumbashi na ndala za kuazima, miguu imevimba, na kapu limebaki na samaki watatu wa kumtia dada yangu aibu.

Lubumbashi

Mnasema taa ni taa. Aka! Nilidhani hivyo pia mpaka nilipoanza kuzitafuta.

Duka la kwanza mjini walinionyesha za plastiki, zimetengenezwa kama mishumaa, hata zimechorwa machozi ya nta yanayotiririka. Nilimwomba muuzaji afunge pazia, aiwashe, asimame karibu nayo. Akaniona kichaa, lakini alifanya. Uso wake wote ukawa mweupe upande mmoja na shimo upande mwingine, na mimi macho yakaniuma. Mgeni akitoka chumbani na kukutana na mwanga kama ule, atadhani askari amemmulika tochi. Nikamshukuru, nikatoka.

Duka la pili walikuwa na za chuma, nzuri kweli, nyeusi, na kioo cha maziwa. Nilikaribia kuzichukua. Lakini nilikumbuka bawaba za madirisha yetu, jinsi upepo wa ziwa unavyozila mpaka zinamwaga unga mwekundu kwenye shuka zangu. Chuma pale kwetu hakiishi. La tatu lilikuwa na vioo vinavyoning'inia, kila kimoja cha kupanguswa peke yake. Nani atapangusa? Mimi!

Nilirudi kwa dada yangu nikakaa chini kwenye kizingiti nikalia. Siwafichi. Siku zilikuwa zinakwenda, na nilijiona nikirudi mikono mitupu kumkuta mume wangu anapakia sufuria kwenye mkokoteni. Dada yangu aliniacha nilie, halafu akanipa kikombe cha munkoyo na kusema: "Kule Katuba kuko muzee mumoja anafua shaba. Anatengenezaka sahani na sura za watu za kutundika. Muulize kama anaweza taa."

Huyo alikuwa Papa Ilunga. Nyumba yake unaisikia kabla ya kuiona, maana anagonga shaba toka asubuhi. Nilimweleza: taa isionyeshe balbu, mwanga upande juu ukutani kisha ushuke taratibu kwa watu, iwekwe pande mbili za mlango, isiogope maji. Hakuandika kitu. Alichukua makaa akachora ukutani kwake nusu ya bakuli, na mbele yake samaki aliyejikunja, mkia juu.

"Mulango uko katikati," akasema. "Samaki wa kushoto anaangalia mulango, wa kuume naye anaangalia mulango. Ukiwabadilisha, wanakimbia mugeni. Kwa hiyo usichanganye."

Alipomaliza ya kwanza tuliiwasha. Mama zangu, chumba kile chenye moshi kiligeuka. Mke wake alikuwa amekaa pale anachambua majani ya sombe, mtu mzima amechoka, na ghafla uso wake ukapendeza hata mume wake akaacha nyundo akamtazama. Nikasema hizi ndizo.

Ufungaji ulikuwa wa kwake. Za kushoto alizitia katika sanduku moja, za kuume katika lingine, masanduku ya mbao, sawa kwa sawa, urefu kama mkono wangu na nusu. Ndani akamwaga pemba iliyosagwa, ule udongo mweupe mnaoujua, kwa sababu shaba ikikutana na mvuke inakuwa nyeusi na pemba inakausha. Halafu akayafunga masanduku mawili pamoja kwa kitambaa cheupe cha shuka, ili mpakizi asiyatenganishe. "Yaende pamoja, yafike pamoja," akaniambia. Mimi niliona ni kazi safi. Sikuona zaidi ya hapo.

Kamina

Kabla ya kuendelea lazima niwakumbushe jambo moja. Shaba wakati ule haikuwa kitu cha kubeba hivi hivi. Watu walikuwa wanakata nyaya, wanaiba vipande, na askari katika kila stesheni walikuwa wanaitafuta kwenye mizigo. Papa Ilunga alinipa risiti yake. Lakini risiti ni ya mtu anayetaka kusoma. Kwa hiyo toka Lubumbashi nililala mkono wangu juu ya masanduku, na aliyetaka kuyakalia nilimfukuza kwa macho.

Kamina akapanda mama mmoja mnene, mchangamfu, anaenda Nyunzu kwa binti yake aliyejifungua. Jina lake Mama Kalenga. Alikaa mbele yangu, akatazama masanduku, akatazama mkono wangu.

"Wanakuitaka nani, mama?"

"Mama Mapasa," nikasema, kwa sababu ndivyo ninavyoitwa toka nimezaa mapacha wangu, Kyungu na Kabange. Jina langu la ubatizo hata mimi nalisahau.

Aligusa ubao wa sanduku, akaangalia vidole vyake vilivyotoka vyeupe, akavikunja polepole. Hakuuliza tena. Tangu pale akawa mtu wa upole wa ajabu. Akinunua mayai, mawili anayaweka juu ya masanduku, moja huku, moja kule, kisha ndipo ananipa langu. Mahindi, hivyo hivyo. Nikajisemea, huyu mama ana moyo, au kichwa chake kimeguswa na jua. Watu wa behewa nao wakaanza kunipisha nikienda chooni. Nilifurahi! Nilidhani wameogopa macho yangu.

Kabalo, kwenye jukwaa

Pale tulishushwa sote kungoja treni ya kwenda Kalemie. Jua kali, watu wamejaa jukwaa zima, na treni yenyewe imekwisha kuingia, inapiga honi. Ndipo wakaja askari. Mkubwa wao hakuwa mtu wa kwetu, alisema Kilingala. Alikuwa anapiga mizigo kwa fimbo na kusikiliza. Akapiga magunia ya mchele, akapiga mabegi. Akapiga sanduku langu, likalia kwa ndani, ngee.

"Mama, oyo nini?"

Nikisema taa, atafungua aone shaba. Akiona shaba, masanduku yanabaki Kabalo, na mimi labda nabaki nayo. Treni nyingine ni lini? Mama Mukubwa atafika lini?

"Fungola," akasema. Akainama, akashika fundo la kitambaa cheupe. Pemba ikamwagika kwenye buti zake.

"Weee! Askari!"

Alikuwa Mama Kalenga. Aliruka na unene wake wote akasimama kati yake na masanduku.

"Unafungua nini? Hauoni pemba? Hauoni masanduku mbili sawasawa, mama yao amelala juu yao toka Lubumbashi? Huyu njo Mama Mapasa! Unataka kutoa watoto ya wenyewe kwa jua?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba behewa zima liliyaona masanduku yangu kuwa majeneza. Mayai mawili, mahindi mawili, watu kunipisha, yote yalinijia kwa mara moja, nikakaa chini.

Mnajua kwetu mapasa wakifa wanapakwa pemba, na hawaliliwi. Ukiwalilia unavuta mabaya. Wanaimbiwa, tena zile nyimbo zao zenye maneno yasiyo na haya. Mama Kalenga akapiga kofi, akaanza. Mwanamke wa pili akaitikia, wa tatu, kisha jukwaa zima. Wauza chikwange waliacha mabeseni yao. Wakaimba juu ya tumbo la askari linalotangulia na yeye mwenyewe kufuata, wakaimba juu ya mkwe wake na mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu hii karatasi itapita kwa masista. Wanacheza, wanazunguka masanduku yangu, wanarusha unga, na mtu haruhusiwi kukasirika.

Yule mkubwa alirudi nyuma hatua, na tena. Akavua kofia. Huko kwao nao mapasa wanawajua.

Na mimi? Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema: hapana. Hapana, wanangu wazima, wako Kalemie, wanakula bugali na baba yao. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Nikaona treni, nikaona vyumba vyetu viwili nyuma ya jiko, nikalimeza. Kila wimbo ulipopanda niliona kama mimi mwenyewe ninawafunika wanangu kwa mchanga. Niliogopa, mama zangu, sijawahi kuogopa hivyo. Machozi yakanitoka, na wanawake wakanishika kichwa, "Usilie mama, usilie, unawaharibia njia."

Kijana mmoja wa daraja la kwanza, amevaa abakosi ya kijivu na miwani, akajipenyeza. Alimwambia askari maneno ya Kilingala kwa heshima, kisha akainama akayabeba masanduku yote mawili kwa pamoja kifuani mwake, taratibu, kama mtu anayebeba maji, mpaka ndani ya treni. Mikono yake na nguo yake vikawa vyeupe.

"Pole sana, Mama," akasema.

"Aksanti, mwanangu," nikasema. Ndilo neno pekee nililotoa Kabalo.

Nyunzu mpaka nyumbani

Nyunzu Mama Kalenga alishuka. Aliniachia kanga yake ya juu niwafunikie. Nilimkumbatia nikataka kumwambia, lakini mtu aliyeimba vile mbele ya bunduki, unamwambiaje kwamba ameimbia taa? Akaenda zake kwa binti yake. Mpaka leo sijui kama nitaweza kumtazama usoni.

Kutoka pale mpaka ziwani sikula. Niliwaza, nikishuka nitakuta nini? Homa haitumi habari. Nimekubali mbele ya watu wote kwamba wanangu wamekufa, je, kama maneno yametangulia? Treni ilijikokota, ikasimama porini bila sababu, ikajikokota tena, na mimi nilikuwa tayari kushuka niisukume.

Stesheni ya Kalemie nilimwona kwanza mume wangu na mkokoteni. Kisha Kabange akatokea nyuma yake anakimbia, kaptula imechanika. Kyungu hayupo.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Anakojoa, Mama."

Nilikaa chini pale pale nikacheka na kulia. Mama mmoja wa behewa letu alipita na mizigo yake, akawatazama watoto, Kyungu amekwisha kurudi, naye ni msichana, mrefu kumpita kaka yake kwa kichwa kizima. Akaniambia, "Ashukuriwe Mungu, kumbe unabakia na wengine." Mume wangu akanitupia jicho. Nikamwambia sukuma mkokoteni.

Hotelini

Fundi wa umeme alizitia zote kabla Mama Mukubwa hajashuka kwenye ndege. Samaki wote wakaangalia milango yao. Jioni ile aliingia na wageni wake, akasimama koridoni, akatazama huku na huku, na wageni wakaanza kusifu. Uso wake ulikuwa laini kama wa msichana, na naye alijua, maana alichelewa kuondoka pale. Nikamfinya mume wangu mkono. Nilijisemea, tumepona.

Tukawaandalia mikebuka ya kukaanga. Wakala, wakanywa. Ndipo akapiga glasi kwa kisu.

"Papa Mulongo, mumefanya kazi muzuri. Hoteli ya giza nisingeweza kumupatia mutoto wa dada yangu. Sasa inafaa. Kesho atachukua funguo." Akageukia mlango. "Huyu anafika. Alikuwa kwa rafiki zake mujini."

Mume wangu akasema, "Aksanti, Mama."

Aksanti! Nilitaka nimpige na sinia. Nilitaka nimpige na yule Mama Mukubwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona kijana aliyeingia, na mikono yangu ikaganda. Abakosi ya kijivu, miwani. Naye aliniona. Alikuja kwangu moja kwa moja, mpaka koridoni nilikosimama na sinia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, njo wewe? Uliwazika salama?"

Nilikuwa nimechoka. Safari yote nimemeza neno lile, na hoteli imekwenda vilevile. Nikasema basi, nilitapike.

"Sikuzika mtu. Wanangu ni wazima, wako jikoni. Ndani ya masanduku mulikuwa hizi taa."

Akatazama taa iliyokuwa karibu na bega lake. Katika mikunjo ya mkia wa samaki pemba ilikuwa bado imebaki.

"Hizi njo nilibeba?"

"Njo hizi."

"Hizi njo watu waliimbia pale Kabalo?"

"Njo hizi, mwanangu. Unisamehe."

Alitoka kwenye ukuta akasimama katikati ya koridoni, mbali na taa za huku na mbali na taa za kule. Akajifuta mikono kwenye abakosi, ingawa ilikuwa safi. Kisha akaenda mezani, na sisi sote tukasikia.

"Mama Mukubwa, humu sitalala."

"Wewe ulisoma!"

"Nilisoma. Lakini kitu kimekwisha kuimbiwa hivyo kiko na wenyewe. Sitalala chini yake hata siku moja. Nipatie kazi ingine."

Mama Mukubwa alicheka peke yake. Halafu aliinua macho kwenye ukuta wa chumba cha kulia, akatazama samaki mmoja, akatazama mwenzake, na kicheko kikaisha. Akakumbuka kwamba rafiki yake mmoja mjini alikuwa amemwandalia kitanda. Alipokuwa anatoka alisema bila kugeuka:

"Papa Mulongo, baki na funguo zako. Na hivi vitu vyako."

Hivyo ndivyo tulivyobaki. Lakini kesho yake wapishi walikuwa wamekwisha kupeleka habari sokoni, na wageni wawili wa Moba wakaja, wakasimama mlangoni, wakasema wanakwenda kutafuta mahali pengine. Mume wangu akasema tuzing'oe. Nikasema hapana. Niliogopa kuliko wote, mimi niliyezileta, lakini nilisema hapana. Nilitandika kitanda cha chumba cha kwanza, kile kinachoonekana na barabarani, nikaacha dirisha na mlango wa koridoni wazi, na taa zote zinawaka, nikawaita Kyungu na Kabange wakapanda kulala, ili watu waone mapasa wazima mbele ya taa zile zile. Mimi nikakaa kwenye kiti. Watu walikuja kuchungulia, baadhi yenu mlikuwemo, msikatae.

Asubuhi waliamka, wakapigana kidogo juu ya mto, wakadai chai.